FDI ya Ireland imetoka hasi: jedwali langu lina kosa wapi?

jedwali_mlimani: Wakuu, shikamooni. Nalinganisha nchi tajiri, ipi inavuta zaidi mitaji ya kigeni. Nimechukua FDI (uwekezaji wa moja kwa moja kutoka nje) iliyoingia mwaka 2018 nikagawa kwa GDP (pato la ndani la taifa). Ireland na Uswisi zimetoka hasi. Nikijaribu limbikizo la mtaji badala ya mwaka mmoja, Luxembourg, ambayo kwa watu haifikii hata Kinondoni, inasimama bega kwa bega na Marekani. Nimekosea wapi?

MzaniwaPosta: Hujakosea. FDI ina mafungu matatu: hisa (kuanzia 10% ya kura), faida isiyogawiwa, na mikopo kati ya kampuni mama na tanzu. Kinachorudi kwa mama kinatolewa. Mwishoni mwa 2017 Marekani ilibadili sheria ya kodi, kampuni zake zikarudisha faida zilizokuwa zimeegeshwa nje, nyingi Ulaya. Fungu la pili likashuka chini ya sifuri. Haina maana viwanda viling'olewa. Mwaka mmoja usiutumie kabisa, chukua wastani wa mitano.

Bunju_B: Na limbikizo nalo lina mtego. Mwaka 2019 utafiti uliofanywa na wachumi wa IMF na Chuo Kikuu cha Copenhagen ulikadiria kwamba karibu 40% ya FDI ya dunia ni hewa: pesa inapita kwenye kampuni za makaratasi zisizo na wafanyakazi. Luxembourg peke yake ilihesabiwa dola trilioni 4 hivi. Kwa hiyo kwanza ondoa kampuni hizo za mapito, OECD (shirika la nchi tajiri) inazitenganisha kwa nchi kadhaa. Kisha tafuta jedwali la mwekezaji wa mwisho, si wa karibu, maana Mmarekani akipitishia pesa Uholanzi anaandikwa Mholanzi.

Angalia na kigawanyo. GDP ya Ireland iliruka kwa takriban 26% mwaka 2015, hasa kwa sababu kampuni kubwa zilihamishia huko haki miliki zao. Ofisi yao ya takwimu ikabidi itengeneze kipimo kingine, GNI*, yaani pato la taifa lililopunguzwa uvimbe huo wa kampuni za kigeni. Kwa Ireland gawa kwa hicho.

jedwali_mlimani: Asanteni sana. Na ile fahirisi ya kuvuta FDI ya UNCTAD (shirika la UN la biashara na maendeleo)?

MzaniwaPosta: Ni sehemu ya nchi katika FDI ya dunia, gawa kwa sehemu yake katika GDP ya dunia. Tuseme 3% kwa 2%, unapata 1.5, ikizidi 1 inavuta kuliko ukubwa wake. Ila haitofautishi kiwanda kipya na kampuni ya zamani iliyobadilisha mwenye mali, hilo litafutie safu yake.

Bunju_B: Usisahau kumweka Mjapani. Tajiri, ametulia, lakini limbikizo lake kwa GDP ni kati ya madogo kabisa OECD. Kampuni za kule zimezoea kushikiliana hisa, mgeni hapati upenyo wa kununua. Ukiweka safu ya kodi ya kampuni peke yake (Ireland 12.5%, na 15% tangu 2024 kwa makundi ya kampuni yenye mauzo ya euro milioni 750 kwenda juu; Singapore 17%) hutaiona sababu hiyo.