Shule ya mwanangu imepewa notisi ya kufungwa: nimhamishe au nisubiri?

Mama_Fundi: Wakuu, naombeni ushauri, nimekwama.

Mwanangu ana miaka tisa. Shule ya kawaida ilimshinda: kila Jumapili jioni tumbo linauma, kila Jumatatu tunavutana mlangoni. Mwaka juzi nikampeleka kwenye shule ndogo isiyofuata mfumo uliozoeleka. Watoto 30 hivi, wakubwa kwa wadogo pamoja, hakuna mitihani, mtoto anachagua asome nini. Tumbo likapona. Siku hizi ananitangulia getini.

Sasa wakaguzi wa serikali wameshaingia mara mbili. Shule imepewa siku 60 irekebishe kasoro, la sivyo usajili unafutwa. Walimu wawili wameondoka, na minong'ono ni kwamba mishahara inachelewa. Na niseme ukweli: mtoto anafungua redio na kuirudishia vizuri kabisa, lakini ukurasa mmoja wa kitabu bado unamtoa jasho.

MwalimuMstaafu: Dada, kwanza omba ripoti yenyewe ya ukaguzi, usitegemee maneno ya kikao cha wazazi. Kuna kasoro za mfumo na kuna uzembe. Mlango wa dharura uliopigwa kufuli si falsafa ya elimu.

Bundi_Macho: Wasikutishe hao. Summerhill ya Uingereza, aliyoianzisha A. S. Neill mwaka 1921, mtoto haingii darasani asipotaka. Wakaguzi waliibana 1999, Machi 2000 shauri likasikilizwa London. Serikali ikakubali yaishe, na wanafunzi wakafanya mkutano wao mle mle mahakamani, wakapiga kura kuyapitisha makubaliano. Shule ipo mpaka kesho!

MwalimuMstaafu: Sawa mkuu, ila wale walikuwa na mawakili, na walichokuwa wanapigania ni msimamo wao kwamba masomo ni hiari. Shule isiyolipa walimu itajifunga yenyewe, wala haisubiri serikali.

Mama_Pacha: Mie yalinikuta. Yetu ilifungwa katikati ya muhula, mwenye shule simu hapokei, mafaili ya watoto yamebaki ndani. Shule mpya ikamrudisha wangu madarasa mawili nyuma kwa kukosa karatasi tu. Shoga, chukua kumbukumbu zake zote leo, hata kama hujaamua. Na mtafutie mtu wa kumsomesha jioni, nusu saa inatosha. Hilo la kusoma halingoji wakaguzi.

Mama_Fundi: Asanteni sana. Nimeenda leo. Ripoti wanasema anayo mkurugenzi, naye hayupo. Wakati nasubiri ofisini nikafunua daftari la mahudhurio lililokuwa pale mezani. Wiki nzima imejazwa kwa kalamu moja, watoto wote wapo, hadi Ijumaa. Leo ni Jumatano.

Nimetoka na faili lake mkononi. Yeye mwenyewe bado sijamwambia.