Kundi: Watoto wa Bibi Pasua

JUMAPILI

Mama Neema 19:04
Wapendwa habari za jioni. Shikamoo Mama, shikamoo Baba Mkubwa. Naomba mnisome mpaka mwisho, msione ndefu mkaruka. Ijumaa nilitoka Arusha na basi la saa 12 nikampeleka ndugu yenu Deo kliniki. Mwaka jana mwezi wa tano alipoanzishiwa olanzapini, hii dawa yake ya ugonjwa wa akili, alikuwa kilo 71. Juzi kilo 92. Kiuno sentimita 108. Sukari kabla ya kula 6.4. Daktari anasema ikifika 7 hicho tayari ni kisukari.

Mama Neema 19:07
Dawa imemtuliza, namshukuru Mungu kwa hilo. Analala, anaoga mwenyewe, zile sauti hazimsumbui kama zamani. Lakini dawa hiyo hiyo inaleta njaa isiyoshiba. Siyo ulafi. Naomba neno ulafi lisisikike tena nyumbani.

Mama Neema 19:15
Nimepanga zamu. Atembee nusu saa kwa siku, siku tano. Hapo tunafikisha dakika 150 kwa wiki ambazo Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asikose. Saa 12 asubuhi, Pasua mpaka Majengo na kurudi. Jumatatu Frank, Jumanne Baba Kelvin, Jumatano Frank, Alhamisi Baba Kelvin, Ijumaa mtapanga. Vyakula vya mafuta basi. Soda basi. Sigara basi.

Mama Neema 20:22
Naona tiki za bluu. Majibu sioni.

Frank 20:31
Dada saa 12 asubuhi mwezi huu wa saba? Hata Kibo anakuwa bado amejifunika shuka 😂

Baba Kelvin 20:33
Tumwandikishe mbio za Kilimanjaro tu, zile kilomita 5

Frank 20:33
Wewe kwenye hizo mbio utapanda bajaji

Baba Kelvin 20:34
Hiki siyo kitambi mdogo wangu, ni mtori wa Mama

Frank 20:35
Mtori wa Mama jamani. Ule wa Krismasi, na kisusio pembeni 🙌🏾

Baba Kelvin 20:36
Mbuzi yule alikuwa na heshima yake

Mama Neema 20:41
Nimeandika sukari 6.4 mnaongea mbuzi.

Mama Neema 20:44
Na wewe Baba Kelvin nikuulize hapa hapa mbele ya watu. Deo akikubebea kreti dukani unamlipa nini?

JUMATATU

Baba Kelvin 07:52
Analipwa anachoomba. Soda mbili na sigara. Nikimpa hela Mama anasema atapotea nayo.

Mama Neema 07:58
Soda moja ndogo ina sukari karibu vijiko vinane vya chai. Mbili kwa siku, siku sita za wiki, piga hesabu mwenyewe. Mtu mzima wa miaka 38 anabeba kreti tangu asubuhi, unamlipa kama mtoto aliyetumwa chumvi.

Baba Kelvin 08:03
Dada umekuja Ijumaa, Jumamosi umeondoka. Mimi ndiye niko naye kila siku ya Mungu. Pale dukani ndipo mahali pekee anapokaa bila kufukuzwa.

Mama Gloria 12:40
Poleni na majukumu, ndo napata nafasi. Huku Dar foleni imetumaliza. Mimi naona shida ni hiyo dawa. Kwa nini asiipumzishe mwezi mmoja mwili upungue?

Mama Neema 12:42
Aipumzishe? Umesahau alipoacha dawa, yale ya Himo?

Mama Gloria 12:43
Nilijua utaniletea Himo.

Mama Neema 12:45
Na kabla ya Himo? Nani alimpandisha mlimani kwenye maombi, siku 21 za kufunga bila kidonge hata kimoja?

Mama Gloria 12:49
Nilimpeleka kwa sababu ni ndugu yangu na nilikuwa sina pa kushika. Wakati ule wewe simu za nyumbani ulikuwa hupokei. Usinilazimishe niseme kwa nini.

Mama Neema 12:50
Ujumbe huu umefutwa

Frank 13:05
Samahanini, kuna mwenye namba ya fundi bomba wa Majengo? Maji yamejaa jikoni

Happy 15:22
Shikamooni wote. Nilikuwa kwenye mtihani wa vitendo, ndo nimetoka. Mama nakuomba, dawa isiachwe. Ni kweli olanzapini na klozapini ndizo zinazoongoza kunenepesha, lakini akikatiza mwenyewe ugonjwa unarudi, na kumtuliza tena kunakuwa kugumu zaidi. Zipo njia. Daktari anaweza kumhamishia dawa nyingine polepole, wengine huongezewa metformini, ile dawa ya kisukari. Aulizwe kliniki, sisi tusiguse.

Happy 15:26
Mama Mkubwa na wewe usinikasirikie. Sigara usiikate kwa siku moja. Moshi wa tumbaku unalifanya ini liisage hiyo dawa haraka. Akiacha ghafla, dozi ile ile inakuwa nyingi mwilini, atashinda amelala. Aache, ndiyo, ila kliniki wajue kabla.

Happy 15:31
Na saa 12 asubuhi kwake ni adhabu. Dawa anameza usiku, alfajiri bado imemkalia. Halafu ugonjwa wenyewe unaondoa ule msukumo wa kuanza kitu. Mjomba anaweza kuwa anataka kutembea na bado asiinuke kitandani. Ukimwambia "nenda katembee" umemwachia kazi yote. Anahitaji mtu aliyesimama mlangoni kashavaa viatu.

Happy 15:33
Chuoni tumefundishwa kwamba wenye magonjwa makali ya akili hufariki miaka 10 hadi 20 mapema kuliko wengine, na wengi ni kwa moyo, sukari na magonjwa kama hayo yanayozuilika. Siku hiyo nilimfikiria Mjomba Deo darasani nikashindwa kuandika.

Mama Neema 15:40
Asante mwanangu. Basi iwe jioni saa 10. Bado chakula. Mama nyumbani anampakulia sahani mlima.

Bibi Pasua 17:12
🎤 Ujumbe wa sauti 2:10

Baba Kelvin 17:30
Kwa ambao simu zenu hazifungui sauti: Mama anasema akimpunguzia, Deo anaamka saa 8 usiku anakula ugali kiporo na sukari gizani. Anasema mwaka ule alipokataa chakula alikuwa anamlisha kwa kijiko kama mtoto, akimbembeleza. Sasa anakula mwenyewe, na mnamwambia amnyang'anye sahani. Mwisho hapo analia, sitaandika.

Mama Neema 17:48
Mama pole. Hakuna anayekwambia umnyime. Ale ashibe. Nusu ya sahani iwe mnafu au kabichi, maharage yawepo, ndizi za kuchemsha badala ya kukaanga, na mafuta upime kwa kijiko, usimimine moja kwa moja kutoka kwenye dumu. Tena iwe chungu cha nyumba nzima. Akipikiwa peke yake ataona ni adhabu.

Baba Mkubwa Uru 20:02
Watoto wangu. Nimesoma yote. Mnampima Deo kama kahawa iliyopelekwa chama cha msingi. Mmesema kilo, mmesema kiuno. Deo yumo humu kwenye kundi, jina lake naliona. Tangu jana hakuna aliyemsalimia.

Baba Mkubwa Uru 20:06
La mlimani. Ruhusa niliitoa mimi. Gloria alikuja kuniuliza hapa Uru nikamwambia ampeleke. Mwenye deni hilo ni mimi. Anayelidai aje nyumbani anidai, asiliandike tena humu.

Baba Mkubwa Uru 20:07
Deo mwanangu, habari ya jioni. Wewe unasemaje?

Mama Gloria 20:30
Asante Baba.

Mama Neema 21:15
Nimesikia Baba. Deo nisamehe.

JUMANNE

Deo 10:47
Shikamoo Baba Mkubwa. Nimeona

Deo 10:49
Raba zilichanika. Nikitembea na kandambili mguu unauma

Deo 10:55
Jioni naweza. Majengo sitaki, vijana wa kijiweni wananiita jina. Tupite njia ya mfereji. Frank asiongee sana

Deo 10:56
Soda moja ibaki

Baba Mkubwa Uru 11:20
Marahaba mwanangu. Jumamosi njoo Uru, kuna majani ya ng'ombe ya kukata. Zamani hakuna aliyekushinda kwa panga.

Frank 11:24
Kaka unavaa namba ngapi?

Deo 11:41
43

Frank 11:43
Nitapita Kiboriloni, mitumba mizuri haikosekani. Leo saa 10 nipo mlangoni. Sitaongea.

Baba Kelvin 12:10
Soda moja sawa. Ya pili nitaifanya hela, niweke kwenye kopo, Mama atunze.

Mama Neema 12:11
Kiasi gani kwa siku? Andika hapa.

Baba Kelvin 12:38
Tutaongea dada

Mama Gloria 13:02
Mimi natuma hela ya mzani wa nyumbani. Ila apimwe akitaka mwenyewe.

Mama Neema 13:05
Asante. Nauli ya Uru Jumamosi nani? Na tarehe 19 ya kliniki nani anampeleka, maana mimi siku hiyo nina mitihani ya darasa la saba?

Mama Neema 15:30
Jamani tarehe 19.

Frank 16:03
Nimefika. Bado anavaa

Baba Kelvin 17:20
Frank fundi bomba yuko hapa dukani, umtume?

Frank 18:25
Mtume. Tumerudi. Dakika 20, tumepumzika mara mbili kwenye daraja. Raba zinambana kidogo, nitabadilisha. Kesho siwezi, nina mzigo wa Tarakea.

Mama Neema 18:26
Basi kesho nani?