Tupeane uzoefu: steringi wa kike wa picha za ngumi aliyekufanya utamani kurusha teke

Binti_Makorora
Jana usiku nimeirudia Come Drink with Me ya 1966. Majambazi wamemzunguka Cheng Pei-pei pale kwenye nyumba ya wageni, yeye katulia mezani na kinywaji chake, hana haraka na mtu, mpaka wao wenyewe wanaanza kuogopa. Mama huyu alifariki Julai 2024 na huku kwetu sikuona hata mmoja akimtaja. Inauma. Sisi tuliokulia banda umiza, vile vibanda vya kuonyeshea video, tunajua tulichokiona. Akina dada hasa, njooni tupeane uzoefu. Nani alikuamsha?

Mtu_wa_Deki
Angela Mao bila kufikiri mara mbili. Kwenye Enter the Dragon (1973) ni dada yake Bruce Lee, anaonekana dakika chache tu. Kundi zima linamkimbiza, anawapiga mmoja mmoja, na akibanwa kabisa anachukua kipande cha kioo anajimaliza mwenyewe kuliko kukamatwa. Banda zima lilinyamaza, hata wale wapiga kelele wa benchi la mbele.

Mama_Wawili
Michelle Yeoh, Police Story 3 ya 1992. Mtafsiri wa banda letu, yule anayesimulia picha kwa maiki, alituambia yule ni mchumba wa Jackie Chan! Nimekuja kuiangalia ukubwani nikakuta ni inspekta wa polisi kutoka China bara, na mchumba wa Jackie ni mtu mwingine kabisa, Maggie Cheung. Hebu fikiria, mwanamke anarusha pikipiki juu ya treni inayokimbia halafu mtu kashika maiki anatwambia ni mchumba wa fulani. Sijamsamehe mpaka leo.

Simba_wa_Kata
Wakuu tuseme ukweli. Wengi wa hao ni wacheza dansi tu. Michelle alisomea balei Uingereza, Zhang Ziyi dansi, hata Cheng mwenyewe dansi. Zingine ni waya za kuwanyanyua na kamera. Mpiganaji wa kweli ni Cynthia Rothrock, yule alikuwa bingwa kabla hajaingia kwenye picha.

Mama_Wawili
@Simba_wa_Kata kaka, pikipiki alijifunza kwa ajili ya picha hiyohiyo. Subiri majina ya mwisho yapite, wanaonyesha anavyotoka juu ya gari, anaangukia gari la Jackie, anateleza mpaka barabarani. Wakati wa picha ya Crouching Tiger goti lilichanika mishipa, akafanyiwa upasuaji, akarudi kazini. Hiyo nayo kamera?

Mtu_wa_Deki
Na Angela Mao alilelewa kwenye opera ya Kichina tangu mdogo, hapkido, mapigano ya Kikorea, akaisomea kwelikweli. Usiwaweke wote kapu moja mkuu.

Simba_wa_Kata
Sijasema wote. Nimesema wengi.

Nyota_ya_Pangani
Mmenigusa pabaya, acha niseme.

Mimi ni hao hao akina Michelle walionipeleka kwenye kareti. Nilishamaliza shule, nauza duka la vitenge, jioni nakimbilia ukumbini. Wasichana tulikuwa wachache. Tulifagia, tuliteka maji, wavulana wakipiga kata, yale mapigo ya kupangwa, sisi tunapanga viatu. Nilivumilia kwa sababu teke langu lilikuwa linakua, nalisikia mwenyewe.

Ikafika zamu ya mkanda wa kahawia, ule unaotangulia mweusi. Mwalimu akaniita pembeni, akasema mkanda wangu upo tayari, uko nyumbani kwake, nipite jioni niuchukue. Nikamwambia mwalimu, mimi nitafanya mtihani kama wenzangu. Akacheka, akasema haya.

Siku ya mtihani wote walipigana na wa saizi yao. Mimi akanipanga na mwanaume mwenye mkanda mweusi. Nikaomba kinga ya meno, akasema zimekwisha, nami naziona kwenye begi. Ya kwanza nilikwepa. Ya pili nikamrudishia, watu wakapiga makofi. Ya tatu sikuiona. Nilijikuta nimepiga magoti napapasa sakafu ya saruji natafuta jino langu. Mtoto mmoja wa mkanda wa njano ndiye aliyeniletea kwenye kiganja, analia. Mwalimu akasema mbele ya watu, wanawake wabaki kwenye sinema.

Sikurudi tena. Ni miaka mingi na bado nikisikia watu wanahesabu ichi, ni, san, ile moja, mbili, tatu ya Kijapani ya ukumbini, tumbo linakaza.

Mama_Wawili
Dada yangu. Pole mno.

Kapteni_Chumvi
Huyo hafai kuitwa mwalimu. Ulimpeleka polisi?

Simba_wa_Kata
Pole sana dada, kwa moyo wangu wote. Ila tumesikia upande mmoja.

Mtu_wa_Deki
@Simba_wa_Kata kinga za meno ziko kwenye begi, wewe unataka upande gani mwingine?

Binti_Makorora
Nyota, mnakumbuka Jade Fox wa Crouching Tiger (2000)? Ndiye huyo huyo Cheng Pei-pei, safari hii mzee na muuaji. Kisa chake ni hiki chako. Bwana mkubwa wa Wudang, shule ya wapiganaji, alikubali kulala naye lakini kumfundisha alikataa, ndipo Jade Fox akamwekea sumu na kuiba kitabu cha mafunzo. Nilipokuwa mdogo nilimchukia. Sasa namwonea huruma.

Kapteni_Chumvi
Usije ukaweka sumu lakini dada! Hata sasa nenda kwenye chama cha kareti cha mkoa, andika barua, taja tarehe.

Shangazi_Mwanaisha
Barua italala kwenye droo. Tafuta ukumbi mwingine wenye mwalimu mwanamke, anza upya na mkanda mweupe.

Mtu_wa_Deki
Asianze upya, kwani teke limekwenda wapi? Afungue darasa la wasichana. Nyumbani ninao wawili wanapigana bure kila siku, nitawaleta walipie.

Nyota_ya_Pangani
Mtu wa Deki umenichekesha, ahsante. Chama sitakwenda, nguvu hizo sina. La darasa nimelisikia. Binti wa dada yangu ana miaka tisa, keshaanza kurusha miguu kwenye makochi. Nimwonyeshe nini kwanza?

Binti_Makorora
My Young Auntie ya 1981. Kara Hui ni msichana mbichi, lakini kwa ndoa ni mkubwa wa ukoo, mzee mzima anampigia magoti kama mpwa. Atacheka mpaka basi. Na Kara ndiye aliyepewa tuzo ya mwigizaji bora wa kike siku Hong Kong walipoanzisha tuzo zao, 1982.

Mama_Wawili
Chocolate ya yule Mthai, JeeJa Yanin, isubiri akue. Damu nyingi, na mwishoni wanaonyesha walioumia kweli.