Re: Soshali wamemletea mdogo wangu karatasi asaini, tufanyeje sisi wa huku?

Mama Wawili, Sakina Arusha:
Shikamooni wakubwa. Mdogo wangu yuko England na watoto wawili, shule imeripoti, soshali (watu wa ustawi wa jamii wa huko) wamekuja wanataka asaini watoto wakae kwa familia nyingine "kwa muda tu". Kanipigia usiku analia. Mama hatujamwambia, presha yake mnaijua.

Mangi wa Rau, Moshi:
Pole sana dada. Tulipita humo na binti wa dada yangu kwa hiyo nakuandikia nilichokiona. Hiyo karatasi inaelekea ni ya kifungu cha 20, sheria ya watoto ya 1989, na hapo wanaomba ridhaa yake, sio amri. Anaweza kukataa, na hata akisaini, maadam hakuna amri ya mahakama, anaweza kuwadai watoto wake siku yoyote. Wakitaka kuwachukua kwa nguvu waende kwa hakimu, au polisi wenyewe waone hatari ya haraka, na polisi mwisho wao ni saa 72. Ila asikatae kwa kupayuka mlangoni, maana wakiona hashirikiani ndio wanakimbilia mahakamani. Aseme tu "nitaongea na wakili kwanza", basi.

Wakili asimtishe kwa hela. Akishapata ile barua rasmi kwamba kaunsili (halmashauri ya huko, ndiyo yenye hao soshali) inafikiria kwenda mahakamani, wakili ni wa bure na haulizwi mshahara, na kesi ikifunguliwa ni hivyo hivyo. Kabla ya hapo kuna Family Rights Group, wanashauri wazazi na ndugu bure kwa kesi za England. Na aombe mkalimani, hata kama Kiingereza chake cha dukani kiko vizuri, lugha ya vile vikao ni nyingine kabisa, na asikubali mtoto ndio awe mkalimani wa mama yake!!

Sasa hapa ndio ninapogomba na ndugu zetu. Mwambieni mama. LEO. Sisi Wachagga na aibu zetu, tunaficha mpaka jambo linaoza. Kesi hizi sheria inataka ziishe ndani ya wiki 26, na katika hizo hizo wiki ndugu wanapimwa kama wanaweza kulea. Kwetu dada alificha, bibi akaja kusikia muda umeenda, na kaunsili yenyewe ilikuwa inajivuta kutuma maombi ya bibi kukaguliwa huku. Afisa ustawi wa jamii alikuja mwishoni mwishoni, akaangalia vyumba, choo, shule iko umbali gani, mzee anaishi kwa kahawa au kwa pensheni. Mdogo wako aombe kikao cha familia mapema na ndugu wa Arusha waingie kwa simu.

Na yule mjomba atakayesema "wakatie tiketi washuke uwanja wa KIA yaishe" mnyamazisheni. Kesi ikishaanza, kumtoa mtoto nchini bila ruhusa kunaweza kuwa jinai.

Mama Junior, zamani Marangu sasa Leeds:
Naongezea. Kwenye mkutano wa kumlinda mtoto ana haki ya kwenda na mtu wa kumsaidia, na asome ripoti yao KABLA, akute uongo auandike pembeni. Kama ni habari ya kiboko, Scotland wamekataza tangu 2020 na Wales 2022, England bado kuna mwanya kidogo lakini ukiacha alama mwilini umekwisha. Ila jamani sio wote maadui, mimi soshali ndio walionipigania nikapata nasari ya mtoto wakati mzee alipoondoka nyumbani.

Mama Wawili, Sakina Arusha:
Asanteni mno. Mama nimeshamwambia, kalia halafu kauliza wanakuja lini. Sasa mama aandike nini na ampe nani?

Mangi wa Rau, Moshi:
Barua pepe kwa yule mfanyakazi wa soshali, nakala kwa wakili wa mdogo wako. Jina kamili la mama kama lilivyo kwenye kitambulisho cha NIDA, yeye ni nani kwa watoto, nani wanaishi hapo nyumbani, nani atamsaidia presha ikipanda (hiyo wataiuliza tu, msiifiche), na sentensi moja iliyonyooka kwamba anataka apimwe kuwa mlezi. Wekeni tarehe, na wakikaa kimya wiki nzima tumeni tena ile ile.