Msaada wakuu: nafanya utafiti wa mtaala mpya na ufundishaji wa ngoma shule za msingi, supavaiza kanirudisha

Binti_wa_Msimbati
Wakuu habari za mchana. Nasoma masta upande wa sanaa za maonesho na nimekwama kwenye pendekezo la utafiti. Nilipeleka kichwa "Athari za mabadiliko ya mtaala katika ufundishaji wa ngoma shule za msingi Tanzania", kimerudi chekundu tupu. Supavaiza anasema ni kipana mno, alafu mtaala wenyewe umeanza Januari 2024 kwa awali, la kwanza na la tatu, sasa huyo mtoto namlinganisha na nani na kwa kipimo gani.

Mimi ninachokitaka kipo wazi kichwani ila kwenye karatasi kinakataa. Zamani kulikuwa na Haiba na Michezo na Stadi za Kazi, yakaondolewa, yakarudi nusunusu, sasa hivi kuna Sanaa na Michezo kama somo linalojitegemea. Kwenye makaratasi ngoma imepanda cheo. Je kuna mtoto anayecheza zaidi kuliko wa miaka kumi iliyopita? Hilo ndo swali langu, sijui nilikamatie wapi. Waliopita njia hii au walimu mliopo kazini naombeni mawazo, matusi pelekeni jukwaa la siasa.

Chaki_Nyeupe
Dada karibu darasani kwangu uone. Sanaa na Michezo la tatu na la nne nimepewa mimi, sio kwamba nimesomea sanaa, ni kwa vile nilikuwa nafundisha netiboli basi mwalimu wa taaluma akaona huyu huyu. Kitabu kinataka mtoto aimbe, acheze, aigize. Sasa darasa limejaa mpaka wengine wamekaa chini, ngoma ya kupiga hakuna hata moja, ukiwatoa nje wa la saba wanaojiandaa na mtihani wanasumbuka na mwalimu wao anakuja juu. Kinachofuata unakijua, unaandika ubaoni "taja ngoma tano na makabila yake". Bugobogobo Wasukuma, sindimba Wamakonde, lizombe Wangoni, mdundiko Wazaramo, mganda watu wa Ziwa Nyasa. Wanakariri, wanapata tano kwa tano, na hakuna mguu ulionyanyuka.

Lakini ukifungua andalio la somo utakuta imeandikwa "wanafunzi wacheze kwa vikundi". Mthibiti ubora akija anasoma andalio, anasaini, anaenda shule nyingine. Kwa hiyo usije ukakusanya maandalio ukarudi chuo ukasema ngoma inafundishwa. Kaa darasani, kaa nyuma kabisa, na usiseme unakuja kwa ajili ya ngoma maana siku hiyo utaandaliwa shoo.

Mtoto_wa_Hesabu
Samahani lakini, watoto hawajui kusoma vizuri nyie mnalilia ngoma? Kila mwaka wa mahafali tunaona video watoto wanakata mauno ya singeli watu wanapiga kelele mtandaoni, alafu leo tunataka iwe somo. Hizo pesa za vitabu zipelekwe kwenye Hisabati.

Mzee_Lelemama
@Mtoto_wa_Hesabu hayo mauno ya mahafali yanatokea kwa sababu hakuna anayewafundisha kitu kingine, mtoto anachukua kilichopo kwenye simu ya mjomba. Na hii hoja si mpya. Desemba 1962 Nyerere akihutubia kama Rais wa Jamhuri aliuliza wangapi kati yetu wanajua kucheza gombe sugu, nyang'umumi, kiduo au lelemama, wakati rumba na foxtrot tunazicheza vizuri tu, na akaunda wizara ya utamaduni. Chuo cha Sanaa Bagamoyo kikaanzishwa 1981, tangu 2007 kinaitwa TaSUBa. Kwa hiyo nia ipo tangu uhuru, tatizo ni kwamba haijawahi kushuka vizuri mpaka darasa la tatu B.

Binti, hapo una sura nzima ya historia. Ila usiifanye iwe nusu ya tasnifu kama wanavyofanya wengine, kurasa arobaini za Mwalimu alafu data kurasa sita.

Kibali_RAS
Nije kwenye swali lenyewe maana tunapotea. Supavaiza wako yuko sahihi kwenye kulinganisha. Dawa yake ni kuacha kupima watoto, ufuate somo. Chukua mihtasari ya vipindi vitatu: ule wa 2005, ule uliokuja baada ya marekebisho ya 2015 ambapo la kwanza na la pili walibanwa kwenye kusoma, kuandika na kuhesabu, na huu wa 2023. Kila mmoja angalia ngoma imekaa chini ya nini, mtoto anatakiwa afanye nini hasa, acheze au ataje, na inapimwaje. Hapo kwenye kupimwa ndo utakuta utamu. Stadi za Kazi iliporudi, mtihani wa la saba uliiunganisha na Maarifa ya Jamii kwenye karatasi moja, sasa we niambie ngoma utaipima vipi kwa maswali ya kuchagua. Mwalimu hana ujinga, anafundisha kile kinachoulizwa. Vitabu vya sasa vya Taasisi ya Elimu Tanzania (TET) unavipata maktaba mtandao yao bure, hiyo mihtasari ya zamani tafuta kwa walimu wakongwe na vyuo vya ualimu, kuna makabati hayajafunguliwa muda mrefu.

Alafu shule nne tu, halmashauri moja au mbili. Hoji walimu waliofundisha vipindi vyote vitatu, wapo, wanakaribia kustaafu hao, waanze nao. Kuhusu kibali, barua ya chuo inaenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa (RAS), inashuka wilayani na kwa mkurugenzi wa halmashauri, afisa elimu, ndo unafika kwa mwalimu mkuu. Anza mapema na ubebe nakala nyingi, kila meza inataka ya kwake. Na ukitaka kurekodi video watoto wakicheza lazima ridhaa ya wazazi kwa maandishi, hilo usilifanyie mzaha.

Jirani_Kakamega
Habari kutoka Kenya. Huku tulipitia hayo kidogo mbele yenu, pengine itakusaidia kwa ile sura ya mapitio. CBC, mtaala wetu wa umilisi, ilianza nchi nzima 2019 na masomo yakawa mengi mpaka wazazi wakachoka. 2023 ile kamati ya Profesa Munavu ikapendekeza yapunguzwe, basi sanaa, muziki na michezo vikatiwa kwa chungu kimoja. Junior sekondari sasa ni Creative Arts and Sports, vipindi vitano kwa wiki kati ya arobaini. Vitano inaonekana mingi, lakini ndani yake kuna kuchora, muziki, uigizaji, densi na mpira, na mwalimu ni mmoja. Akiwa mtu wa mpira, densi imeisha hapo. Senior school nako, Gredi ya 10 iliyoanza Januari 2026, kuna Music and Dance kwa ile njia ya sanaa na michezo.

Sisi huku tuna isukuti, ngoma ya Waluhya, UNESCO waliiweka 2014 kwa orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka, na bado unaweza pata shule hapa karibu watoto wanaijua tu kwa sababu ya Music Festival, yale mashindano ya shule. Wakishatoka kwa timu, basi.

Mbina_Mwanza
Hilo la jirani ndo lipo kwetu na UMITASHUMTA, mashindano ya michezo na sanaa ya shule za msingi. Ikikaribia, shule inamtafuta fundi wa ngoma kijijini, anakuja jioni, anachagua watoto kumi na kitu wenye viungo vyepesi, wanacheza bugobogobo na majembe yao mpaka unasisimka, mashindano yakiisha fundi anarudi shambani kwake. Asubuhi somo la Sanaa na Michezo linafundishwa na mtu mwingine kabisa kwa chaki, na hao wawili hawajawahi hata kusalimiana. Mimi ningekuwa wewe utafiti wangu ungekaa hapo hapo. Muulize mwalimu mkuu kwa nini fundi asiingie kipindi cha asubuhi, analipwa kutoka fungu gani, mtaala mpya unamruhusu au unamzuia. Muulize na fundi mwenyewe, watafiti huwa wanamsahau kwa vile hana cheti.

Ukija huku pita na Bujora, makumbusho ya Wasukuma kule Magu, kipindi cha Bulabo, sikukuu ya ngoma ya mwezi wa sita, uone yale makundi mawili ya Bagika na Bagalu wanavyoshindana. Ndo utaelewa kwa nini mzee anashangaa ukimwambia ngoma inafundishwa dakika arobaini.

Chaki_Nyeupe
@Mbina_Mwanza umenena. Na kuna wazazi wanaokataa, usiwasahau. Wengine kwa dini, wengine wanaona ngoma ni mambo ya unyago, hasa hiyo sindimba yenu ya Kusini, shule iliitoa kwenye jando ikaipeleka jukwaani, nyumbani bado wanajua ilikuwa ya nini.

Binti_wa_Msimbati
Mmenipa zaidi ya nilichoomba. Nimebadilisha hivi: "Ufundishaji wa ngoma katika somo la Sanaa na Michezo: mwalimu wa darasa na fundi wa ngoma katika shule nne za msingi". Mihtasari mitatu inaingia sura ya pili, Kenya aya mbili. Bado naumwa kichwa kuchagua kati ya Mtwara na Magu. Mtwara ni nyumbani, lugha naijua, ila nahofia watanionyesha wanachojua nataka kukiona.

Kibali_RAS
Nenda Magu. Na barua ya RAS peleka wiki hii, usisubiri supavaiza asaini kichwa, watakuchelewesha hao kuliko yeye.