Nimelinganishwa na ng'ombe wa mfalme, na ng'ombe ndiye aliyeshinda

BibiSambaza

Niko bado ndani ya busi. Tunarudi, hata msitu wa Nyungwe hatujamaliza kuuvuka, lakini naona nitapasuka kabla ya Kamembe, afadhali niandike sasa hivi mtandao ukishika.

Sitamtaja. Mnamjua. Yule yule wa kofia, anayekusanya pesa za safari kila likizo na lile daftari lililochanika, ukimlipa anakuandika kwa krayoni, yaani penseli. Mnamjua nyote, na nusu yenu anawadai.

Leo mtu huyo ameniambia, mbele ya watu 32, mbele ya shemeji yangu, mbele ya mchunga ng'ombe wa kifalme (yaya kwetu ni dada): "Yaya, hata ng'ombe anajua kuvaa siku ya wageni."

Hata ng'ombe.

Ngoja nieleze. Safari ilikuwa ya Nyanza, kuona nyumba ya wafalme wa Rwanda. Wiki nzima bwana huyo anatuandikia: Nyungwe kuna baridi, Nyungwe kuna mvua, tutatembea kwenye majani, vaeni nguo za kazi, msije na vikwembe vya harusi. Mimi ni mtu wa kusikia, nikasikia. Nikavaa buti za mpira za mdogo wangu anayefyatua matofali, suruali ya mazoezi, na koti la mume wangu ambalo hata yeye mwenyewe alishalikana. Saa kumi na mbili asubuhi nafika Ruzizi, mpakani pale Bukavu, nakuta wanawake wenzangu wamesimama kama kamati ya ndoa: libaya, yaani blauzi, mpya, vikwembe vimekunjuliwa leo leo, meshi za nywele mpaka kiunoni. Na yeye je? Suti. Kofia na suti! Hapo nikajua nimeshatolewa kafara.

Njiani sikusema neno. Kwenye zile kona mtoto wa mtu alitapika juu ya buti langu, nikasema sawa, ndiyo kazi ya buti. Kima walikuwa wamekaa kando ya barabara wanatazama magari. Nikaona wananitazama mimi.

Nyanza penyewe sina ugomvi napo. Kijana wa pale aliyetuongoza ana heshima zake, na Kiswahili chake kinatushinda sote. Alituingiza kwenye ile nyumba kubwa ya majani iliyojengwa upya kwa mfano wa zamani, ya duara, ukiingia macho yanachukua muda kuzoea giza, harufu ya nyasi kavu imejaa. Akatuonyesha kitanda cha mfalme. Akatupeleka nyuma kwenye nyumba mbili ndogo: moja ya maziwa, mtunzaji wake msichana ambaye hajamjua mwanamume; nyingine ya pombe, mtunzaji wake kijana wa kiume. Mwenye kofia akadakia, akaanza kutafsiri. Anatafsiri Kiswahili kwa Kiswahili! Akasema hiyo ya pombe angezaliwa zamani wangempa yeye, na isingefika jioni. Watu wakacheka. Na mimi nikacheka. Nilikuwa namchekea mtu anayenoa kisu.

Nyumba ya pili, ile ya mfalme Rudahigwa ya miaka ya 1930, nilipita haraka, lakini veranda yake nimeipenda, ningehamia hata leo. Halafu tukapelekwa kwa Inyambo.

Sasa hao ng'ombe. Pembe zimepanda juu kama mikono ya mtu anayeshuhudia kanisani. Kwenye paji la uso wamevishwa shanga. Mchungaji anawaimbia taratibu, anamsifu ng'ombe kwa jina lake, na ng'ombe anasikiliza, halafu anatembea mwendo ambao bibi harusi wa Ibanda hajawahi kuutembea. Nikasahau buti. Nikasahau matapishi. Nikasogea, nikamwambia shemeji nipige foto. Ndipo mwenye kofia akakohoa kidogo.

"Yaya, hata ng'ombe anajua kuvaa siku ya wageni."

Kwanza kimya. Halafu aliyeanza ni shemeji. Shemeji yangu wa damu ya mume wangu! Simu ilikuwa mkononi mwake inachukua video, kwa hiyo kicheko kinachosikika kuliko vyote ni chake. Halafu busi zima. Halafu, kweli ya Mungu, mchungaji akakatiza sifa. Sifa za ng'ombe wa mfalme! Akamuuliza yule kijana kwa Kinyarwanda kimesemwa nini, akaambiwa. Akaniangalia kuanzia kwenye buti kupanda juu. Akamwangalia ng'ombe. Akaendelea kuimba, lakini sasa kwa sauti ya mtu anayezuia kitu tumboni.

Na ng'ombe naye aliniangalia. Kwa huruma.

Jamani, nimelipa! Matusi ningeyapata bure sokoni Kadutu, bila jetoni ya kuvukia mpaka, bila kuvuka msitu. Sasa hivi mwenye kofia amekaa mbele na sofera, anasimulia tena, mara ya nne. Kila akirudia, ng'ombe anaongezewa shanga. Hata ng'ombe!

Semeni, mtu kama huyu nimfanye nini?

Mwana_wa_Nyawera

Weka foto.

BibiSambaza

Foto gani? Nimesema nimetukanwa.

Mwana_wa_Nyawera

Pole sana yaya, nimesikia kwa uchungu. Weka foto ya buti.

Kiti_cha_12

Niko kwenye busi hili hili, viti vitatu nyuma yako. Yaya, nakuheshimu, samaki zako za sambaza nimekula miaka. Lakini ng'ombe alikuwa amependeza.

Mutoto_ya_Bagira

Afazali weye ulifika! Miye nilimupatia feza tangu mwezi ya sita. Leo asubui nafika kule Ruzizi, ananiambia busi ilijaa. Ilijaa aje na jina yangu iko mu kitabu? Anafungua kitabu, jina hakuna. Njo maana anaandikaka na krayoni ule mutu!

Sokwe_Hakutusubiri

Krayoni hiyo naijua. Mimi alinipeleka Kahuzi-Biega kuona masokwe. Tumefika pale Miti, njiani, anakumbuka kwamba viatu vyake vya msituni amevisahau nyumbani. Gari zima likageuka kufuata viatu vya mtu mmoja. Tuliporudi, wenye miadi ya asubuhi walikuwa wanatoka msituni, wanaonyeshana picha.

BibiSambaza

Sasa unaona! Lakini wewe hukulinganishwa na sokwe.

Sokwe_Hakutusubiri

Nililinganishwa, ila ni siku nyingine.

Mwalimu_Mstaafu

Ndugu zangu, kabla ya ugomvi turekebishe historia. Mnasema "nyumba ya Rudahigwa" kama vile ni moja. Huyo mfalme alijengewa na ikulu nyingine mpya hapo karibu, kwenye kilima cha Rwesero, na hakuwahi kuihamia: alifia Bujumbura tarehe 25 Julai 1959. Amezikwa Mwima, Nyanza hapo hapo, na mdogo wake Kigeli wa Tano alirudishwa kutoka Marekani akazikwa huko mwaka 2017. Je, mwenye kofia aliwapeleka Mwima?

Kiti_cha_12

Mwalimu, alitupeleka kula mishikaki.

Mwalimu_Mstaafu

Nilijua. Na baba yao, Musinga, ambaye Nyanza ilikuwa makao yake, Wabelgiji walimwondoa mwaka 1931. Walimleta kwanza Kamembe, hapa ng'ambo ya mto, mnapobadilishia pesa. Baadaye wakaona bado yuko karibu mno, wakamvusha kabisa huku kwetu, mpaka Moba kwenye ziwa Tanganyika, na huko ndiko alikofia mwaka 1944. Mtu aliyekuwa na ng'ombe wa kuimbiwa amemalizia siku zake Kongo. Nyinyi mnapita Kamembe mnanunua biskuti.

BibiSambaza

Mwalimu, shikamoo. Musinga aliondolewa na Wabelgiji, namwonea uchungu. Mimi nimeondolewa na mtu wa kofia, leo, na bado ninamwona kisogo. Unisaidie mimi kwanza.

Mwalimu_Mstaafu

Marahaba. Ulivaa buti kweli?

Kabare_Kwanza

Mimi sielewi watu wa Bukavu. Kuvuka mpaka kwenda kutazama nyumba za wafalme wa watu, na hapa kwetu mwami yuko Kabare, mwami yuko Ngweshe! Mngeenda huko msingetukanwa.

Mwana_wa_Nyawera

Kaka, wewe Kabare ulifika lini mara ya mwisho?

Kabare_Kwanza

Kwenye matanga ya bibi.

Mwana_wa_Nyawera

Mwaka gani?

Kabare_Kwanza

Hiyo haihusiani.

Foleni_Imenizeesha

Nyinyi mnalia mavazi, mimi leo nimesimama kwenye foleni ya jetoni mpaka kivuli changu kikahama upande. Kila nikikaribia dirisha anakuja mama na beseni kichwani, "mwanangu nipishe, samaki wataoza." Nimempisha wa kwanza. Nimempisha wa pili. Wa tatu nikamfunua beseni: ndani mna sabuni.

Mutoto_ya_Bagira

Sabuni nayo inaozaka 😂😂

Meshi_Kiunoni

Mimi ndiye mmoja wa hao "kamati ya ndoa" aliowasema. Yaya, usitupige mawe, na sisi tuliandikiwa nguo za kazi. Ila kila mtu anajua akisema "njooni kawaida" maana yake vaa. Na libaya hiyo unayoiona mpya imenitoa machozi. Fundi wangu (simtaji, mnamjua, yule wa karibu na Essence) nimempa kitambaa wiki tatu, ananikabidhi jana usiku mkono mmoja una maua yanapanda, mwingine maua yanashuka.

Kiti_cha_12

Kumbe ndiyo maana siku nzima ulikuwa unapigwa foto upande mmoja!

Sokwe_Hakutusubiri

Fundi huyo huyo alimshonea mke wangu sketi, vipande vilivyobaki tukaviona Jumapili kwa mtoto wake fundi, gauni zima.

Mutoto_ya_Bagira

Miye ule fundi alinipimaka na macho. Na macho! Shati ilifika, kifungo ya juu njo inafika kwa kitovu.

Meshi_Kiunoni

Na ukilalamika anakuambia "umenenepa".

Foleni_Imenizeesha

Wangu aliniambia nimekonda. Kwa vyovyote kosa ni la mwili.

Kabare_Kwanza

Kabare kuna fundi mzuri sana.

Mwana_wa_Nyawera

Uliyemwona kwenye matanga?

BibiSambaza

Tumefika Kamembe. Shemeji ameninunulia biskuti, tumepatana nusu. Mwenye kofia amesimama mlangoni na daftari, anaandikisha watu wa safari ya kisiwa cha Idjwi kwa mwezi ujao, eti kwa mashua, na chakula kimo. Nimemwambia aniandike kwa biki, si krayoni.

Sasa nani ana fundi anayemaliza libaya kwa wiki mbili? Nina kitambaa cha bluu. Nataka na shanga hapa mbele.

Meshi_Kiunoni

Shanga anaongeza dola 5. Usimwachie kitambaa chote.