Mrejesho: binti yangu anayeyumba na kupoteza usikivu

Wakuu, asanteni sana. Mwezi wa tatu niliuliza kuhusu binti yangu wa miaka 5: anayumba akitembea, mikono imelegea, masikio na macho yanafifia. Dada mmoja alishauri tusisubiri majibu ya vinasaba, tumuombe daktari aanzishe vitamini B2 (riboflavini) ya dozi kubwa. Daktari alikubali. Baadaye majibu yakaonyesha hitilafu kwenye jeni ya SLC52A2, inayosafirisha vitamini hiyo.

Miezi 7 sasa, anashika kikombe mwenyewe! Mkojo wa njano kali usiwatishe, ni hiyo vitamini. Macho hayajarudi. Vifaa vya kusikia vilikula hela bure, kwani hitilafu iko kwenye mshipa wa fahamu. Tunasubiri vipimo vya kipandikizi cha kokilea (kifaa kinachopandikizwa ndani ya sikio ili kusisimua mshipa wa usikivu). Dozi apange daktari, inategemea uzito wa mtoto.